Kati ya Miaka 35 na 60

Betri zilianza kutengenezwa Nakuru mwaka 1967, wakati kiwanda kikiwa mali ya Union Carbide, kampuni ya Kimarekani. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni la bidhaa yenyewe: Eveready. Redio ya babu, tochi ya mlinzi wa usiku, kinasa sauti cha kwaya, vyote vilikula betri hizo, na tangazo la "Paka Power" lilijulikana hata na mtoto ambaye hajaanza shule. Mwaka 2006 kampuni ilipouza hisa zake katika soko la Nairobi, waliotaka kuzinunua walikuwa wengi kupita hisa zilizokuwapo. Miaka minane baadaye ikatangaza kwamba inazima mitambo ya Nakuru. Maduka yalikuwa yamejaa betri za bei ya chini kutoka ng'ambo, nyingine bandia kabisa, na hesabu zikaonyesha kwamba kuagiza betri kutoka Misri ni nafuu kuliko kuzitengeneza hapa. Wafanyakazi wa kudumu waliokuwa wamebaki walikaribia 100.

Mia moja si wengi. Bodi ya Pareto, yenye kiwanda chake mjini humo humo, ilizama polepole tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikawaacha wafanyakazi wakidai mishahara na wakulima wakidai malipo ya maua waliyokwisha kuyapeleka. Na hii ni nchi iliyowahi kuuzia dunia sehemu kubwa ya pareto yake yote. Viwanda vya nguo na mablanketi vilikuwa vimeshapigwa na mitumba katika miaka ya 1990. Kule Naivasha, shamba la maua la Karuturi liliwekwa chini ya warasimu mwaka ule ule wa 2014 kwa sababu ya madeni, na maelfu ya watu waliolitegemea wakaishia nje ya lango. Machi 2020 ndege za mizigo ziliposimama na masoko ya Ulaya yakafungwa, waridi zilitupwa mashimoni na mtaa wa Karagita ukajaa watu walioambiwa wasubiri nyumbani hadi waitwe. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji la nne la Kenya tarehe 1 Desemba 2021. Hadhi haikuja na kiwanda.

Swali la sura hii ni hili: asubuhi ya siku ya kwanza bila kazi, serikali ina nini cha kumpa mtu aliyesimamia mashine moja kwa miaka 15? Nauliza kuhusu mtu mzima aliyekuwa na kazi, akaipoteza bila kosa lake, na sasa anahitaji kujifunza nyingine. Kijana aliyemaliza kidato cha nne jana na hajawahi kuajiriwa ana sura yake nyingine. Watu hawa wawili hutajwa pamoja katika hotuba, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Sheria ina jibu, nalo ni fupi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe ikiwa hana chama, na pia kwa afisa wa leba. Anatakiwa apime nani ameanza kazi lini, nani ana ujuzi gani, nani hutegemewa. Kisha alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Basi. Afisa wa leba hupata barua yake, lakini kifungu hakimwagizi ampeleke mtu darasani, wala ampigie simu mwajiri mwingine, wala amuulize anajua kufanya nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameajiriwa mwaka 2007 na kupunguzwa 2022, mshahara wake wa mwisho ukiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Siku 15 ni kama shilingi 10,000. Mara miaka 15, ni 150,000. Hicho ndicho kiinua mgongo chake. Bima ya kukosa kazi Kenya haina. Akiba yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haiguswi mpaka afike miaka 50 akiwa amestaafu mapema, au 60 kwa kawaida. Kwa hiyo 150,000 hiyo ni chakula, ni kodi ya nyumba, ni karo ya muhula, na hapo hapo inatakiwa iwe mtaji. Ukiuliza Nakuru pesa kama hizo huenda wapi, utajibiwa kabla hujamaliza swali: bodaboda, duka la rejareja, au shamba la kukodi la viazi upande wa Molo. Zote ni kazi halali. Lakini bodaboda ya pili katika stendi iliyokuwa na moja hugawa abiria wale wale, na yule aliyekuwa fundi wa mitambo sasa anashindana na kijana wa miaka 20 asiyeumwa mgongo.

Na huyo ndiye mwenye bahati. Kibarua wa msimu, ambaye mkataba wake hukatwa na kuanzishwa upya kila baada ya miezi michache, hana miaka iliyotimia ya kuhesabiwa.

Ukitaka kujua kwa nini hali iko hivi, anza na Katiba ya 2010. Sura ya haki ina sehemu inayotaja makundi yanayohitaji uangalizi wa pekee. Kifungu cha 53 ni cha watoto. Cha 54 ni cha watu wenye ulemavu. Cha 55 ni cha vijana, na hapo serikali inaamriwa waziwazi ichukue hatua ili wapate elimu na mafunzo yanayofaa na wapate ajira. Cha 56 ni cha makundi yaliyotengwa, cha 57 ni cha wazee. Kifungu cha 260 kinafafanua kwamba kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na mzee ni aliyetimiza 60. Mtu wa miaka 42 aliyepoteza kazi kiwandani hayumo. Kweli, kifungu cha 41 kinampa haki za mfanyakazi, na cha 43 kinampa haki ya hifadhi ya jamii kama raia mwingine yeyote. Lakini haki ya wote isiyo na ofisi wala bajeti ni tofauti na haki ya kundi lililotajwa kwa umri wake. Bajeti hufuata majina.

Na kweli zimefuata. Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa 1964, huwapeleka makuruta wake Gilgil, mwendo mfupi kutoka Nakuru, na huwachukua wakiwa wabichi kiumri. Mwaka 2006 ukaja mfuko wa mikopo ya biashara za vijana. Mwaka 2009 ukaja mpango wa Kazi kwa Vijana, uliosimamiwa na ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 2016 Ajira Dijitali, na 2020, wakati wa korona, Kazi Mtaani, ambapo vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa kwa siku kuzibua mitaro na kufagia barabara. Kazi Mtaani ilisaidia watu kula, na sina neno baya juu ya hilo, ila ya mafunzo haikuwa.

Hofu ndiyo iliyozaa mipango hii, na hofu yenyewe ilizaliwa sehemu hizi hizi. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliovurugika, Nakuru na Naivasha ziliona mauaji ambayo wenyeji mpaka leo huyasimulia kwa sauti ya chini. Mapatano yaliyofuata yaliweka ukosefu wa kazi kwa vijana katika Ajenda ya Nne, miongoni mwa mizizi ya fujo. Tangu hapo serikali, na wafadhili pamoja nayo, wamemtazama kijana asiye na kazi kama hatari ya usalama. Mama wa miaka 44 aliyepanga waridi katika banda la baridi kwa muongo mzima, akaambiwa asirudi kesho, haogopwi na mtu. Atarudi Karagita, atatandika gunia kando ya barabara, atauza nyanya. Hakuna wizara inayokosa usingizi kwa sababu yake.

Mpango mmoja unastahili kusimuliwa kwa utulivu kwa sababu ulikuwa na akili ndani yake. Uliitwa KYEOP, ulianza 2016 kwa mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia, na Nakuru ilikuwa moja ya kaunti 17 zilizochaguliwa. Uliwalenga watu wa miaka 18 hadi 29 ambao elimu yao haikuzidi kidato cha nne. Mwanafunzi alipewa kwanza masomo mafupi ya stadi za maisha, kisha akapelekwa kujifunza kazi na kuifanya kwa vitendo, huku akipata posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walimu hawakuwa wa vyuoni pekee. Fundi stadi wa jua kali, mwenye gereji yake, saluni yake, karakana yake ya kuchomelea milango, aliweza kulipwa na serikali ili afundishe. Kwa mara moja serikali ilikubali kwamba shule kubwa kuliko zote za ufundi nchini haina lango wala kengele. Mradi uliofuata, NYOTA, umepanuka hadi kaunti zote 47, na unawapa vijana ruzuku ya shilingi 50,000 za kuanzisha biashara. Kikomo cha umri kimebaki 29, isipokuwa kwa wenye ulemavu, wanaoruhusiwa hadi 35.

Fikiria sasa jambo lenyewe. Fundi stadi anayelipwa afundishe huenda akawa na miaka 50. Mtu wa rika lake, aliyekuwa kiwandani, hawezi kuingia hapo kama mwanafunzi, na kwa kuwa hana cheti, hawezi kuingia kama mwalimu pia.

Pesa za kumfundisha, hata hivyo, zilishatolewa. Kila mwajiri anayefuata sheria hulipa ada ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kiwango kilichowekwa 2007. Ada hiyo hukusanywa chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, iliyotungwa siku za mwisho za ukoloni na kurekebishwa 2011 ilipounda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo kila mtu huiita NITA. Utaratibu ni kwamba mwajiri anawapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, halafu anaomba arudishiwe gharama. Mwenye kuomba ni mwajiri, si mfanyakazi. Yule wa mfano wetu amelipiwa shilingi 600 kila mwaka kwa miaka 15, jumla 9,000. Siku anayotoka langoni, uhusiano wake na mfuko huo unakatika. Elfu tisa si pesa nyingi, lakini zingeweza kumlipia mtihani wa serikali wa ufundi, ule wa gredi ya tatu hadi ya kwanza, ambao husimamiwa na NITA hiyo hiyo. Vituo vya mafunzo vya mamlaka hiyo viko Nairobi, Athi River, Mombasa na Kisumu. Bonde la Ufa, pamoja na chai yake, maua yake, mvuke wake wa Olkaria na viwanda vyake vilivyobaki, halina hata kimoja.

Mfuko huu ulibuniwa kwa ajili ya mtu aliye kazini, na kwa wakati wake lilikuwa wazo zuri. Wabunifu wake hawakuwaza kwamba kiwanda kizima kinaweza kuondoka.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba serikali za hapa hazijawahi kujua jinsi ya kumfundisha upya mtu mzima. Zilijua. Vita vya pili vya dunia vilipoisha 1945, makumi ya maelfu ya askari wa Kiafrika walirudi Kenya kutoka Burma, Uhabeshi na kwingineko. Walikuwa wamejifunza kuendesha malori, kutengeneza redio, kuuguza majeruhi, na walikuwa wameona mengi. Serikali ya kikoloni iliwaogopa, kwa sababu nzuri kwa upande wake. Kituo cha mafunzo ya ufundi cha Kabete kilitumika kuwafundisha kazi za uraiani, na mwaka 1949 kikaanzishwa kingine Thika kwa ajili yao, ambacho leo ni chuo cha ufundi kinachojulikana nchi nzima. Hapa Njoro, Lord Egerton alikuwa ameanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, lakini hiyo ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Askari Mwafrika hakuitwa kule. Ubaguzi ule hauhitaji maelezo. Ninachotaka msomaji akione ni kigezo cha kuingia Kabete na Thika. Wengi wa askari wale walikuwa vijana, nakubali, ila hawakuchaguliwa kwa ujana wao. Walichaguliwa kwa sababu kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa imekwisha. Serikali ilijua tarehe itakapokwisha, ikajua majina yao, ikajua walichojua kufanya. Hayo matatu ndiyo Nakuru ya 2014 iliyokosa, ingawa notisi ilikuwa mezani kwa afisa wa leba.

Kericho ina somo lake, nalo ni kali zaidi, kwa maana mashamba ya chai hayajafungwa. Chai inachumwa, inauzwa, faida inapatikana. Mchumaji ndiye aliyeondoka. Mashine za kuchuma zimeingia katika mashamba makubwa kwa miaka mingi sasa. Jopo lililoundwa na kaunti lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban ajira 30,000 zilikuwa zimepotea Kericho pekee katika muongo mmoja, na likapendekeza sheria iweke uwiano wa asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono. Mei mwaka huo huo waandamanaji walichoma mashine za kampuni ya Ekaterra, na damu ikamwagika. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, chenye makao yake makuu hapa Nakuru, kimelipeleka suala la mashine mahakamani kwa miaka mingi.

Sioni uwiano wa 60 kwa 40 ukidumu. Mwenye shamba atautii mwaka mmoja, halafu ataupunguza kwa kutojaza nafasi za wanaostaafu. Lakini jopo lile lilikuwa limeligusa jambo ambalo wasomi wa mafunzo hulisahau: mchumaji wa chai hupoteza kazi na nyumba kwa barua moja. Mashamba yale huwapa wafanyakazi makazi. Wengi wao walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na barua ikifika wanafungasha virago kurudi kaunti walizotoka. Vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni jukumu la serikali za kaunti. Leba na vyuo vikubwa ni za serikali ya kitaifa. Kaunti ya Kericho, hata ikiwa na moyo mweupe, inapangaje bajeti ya kumfundisha mtu atakayekuwa Nyamira mwezi ujao? Na Nyamira, ambako hakulipa ushuru wowote kwa miaka 20, inamwona kama nani? Naivasha ni vile vile. Basi la Ijumaa jioni kutoka Karagita kwenda Busia lina wafanyakazi wengi kuliko ofisi yoyote ya ajira, na hakuna serikali hata moja, iwe ya kitaifa au ya kaunti yoyote kati ya zile 47, inayojihesabu kuwa yao.

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba mafunzo ni dawa. Sasa inabidi nijipinge kidogo.

Mwanauchumi David McKenzie alikusanya mwaka 2017 matokeo ya majaribio mengi ya mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea. Alichokiona ni kwamba kati ya watu 100 wanaopewa mafunzo, wasiozidi watatu ndio hupata kazi ambayo wasingeipata bila hayo. Marekani, tajiri kama ilivyo, ilikuwa na mpango tangu 1962 wa kuwasaidia wafanyakazi wanaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za kigeni, kisa kile kile cha betri za Nakuru. Uliwapa masomo na posho. Tathmini kubwa ya 2012 haikuona kwamba waliosoma walipata mapato bora kuliko wenzao, na mwaka 2022 Bunge la huko liliuacha ukafa. Mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, ulipopoteza kiwanda cha magari cha General Motors, mamia walirudi darasani. Mwandishi Amy Goldstein, aliyekaa na mji huo miaka mingi, aligundua kwamba waliosomea kazi mpya hawakuwa na hali bora kuliko wale ambao hawakusoma. Kazi hazikuwepo. Ukimfundisha mtu ushonaji katika mji ambao mitumba imemaliza mafundi cherehani, umempa cheti cha kumkumbushia umaskini wake.

Uganda imetupa majibu ya karibu na nyumbani, na yana utata wenye manufaa. Kaskazini ya nchi hiyo, mwaka 2008, serikali iliwapa makundi ya vijana pesa za kulipia mafunzo na kununua zana, bila kuwasimamia sana. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa yamepita ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya tisa tofauti ilikuwa imefifia, kwa kuwa wenzao nao walikuwa wamefika, ingawa waliopewa pesa walibaki na mali zaidi. Utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa 2020, uliwalinganisha vijana waliofunzwa katika vyuo vya ufundi na wale waliofunzwa ndani ya biashara zenyewe. Wote walinufaika mwanzoni. Kadiri miaka ilivyopita, wa vyuoni waliwapita wenzao, na sababu mojawapo ilikuwa cheti: akifukuzwa hapa, anaweza kumwonyesha mwajiri wa pili anachojua. Yule wa biasharani ujuzi wake ulijulikana na bosi mmoja tu.

Soma matokeo hayo ukiwa Nakuru, utaona sura ya mtu wa betri. Anajua kusikia mashine inayokaribia kuharibika. Anajua kupima kemikali, kusimamia zamu, kufuata kanuni za usalama. Hana karatasi. Huenda hahitaji kufundishwa upya kwa miaka miwili. Anahitaji mtu ampime, amwandikie anachokijua, na amwongezee miezi mitatu ya kile anachokosa. Mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini upo Kenya, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Vigezo vya Elimu, na husifiwa sana kwa ajili ya mafundi wa jua kali. Ningeupeleka kwanza kwenye lango la kiwanda kinachofungwa. Pale watu 100 wenye ujuzi usioandikwa wamekusanyika mahali pamoja, majina yao yako kwenye orodha ya mishahara, na mwezi mmoja wa notisi haujaisha. Mpimaji mmoja wa NITA angewamaliza kabla ya siku ya mwisho, kwa ada zile zile ambazo kila mmoja amekwisha kulipiwa.

Singapore, ambayo viongozi wetu hupenda kuitaja wakihutubia na kuisahau wakipanga bajeti, ilianza 2016 kumpa kila raia wa miaka 25 na zaidi dola 500 za nchi hiyo za kujilipia masomo. Mwaka 2024 iliongeza dola 4,000, na safari hii ilizitoa kwa waliofika miaka 40. Umri uliowekwa ni wa chini, si wa juu. Sisemi Kenya ina pesa hizo. Nasema kwamba kuchagua umri ni uamuzi wa kisiasa, na sisi tumeshauchagua wetu.

Kuhusu kazi ambazo hazipo, serikali nayo si mtazamaji. Reli mpya ilifika upande wa Naivasha mwaka 2019, na eneo maalumu la viwanda likapangwa karibu na Mai Mahiu. Olkaria imezalisha umeme wa mvuke tangu 1981 na bado inachimba visima. Kaunti ya Nakuru inagawa miche ya pareto ili kulifufua zao. Kila moja ya shughuli hizo inahitaji mafundi wa mabomba, wachomeleaji, wasimamizi wa maghala, wapimaji wa ubora. Leseni na vivutio vya kodi hutolewa na serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayopokea notisi za kufunga. Bado sijaona zikisomwa katika chumba kimoja. Mwekezaji anaahidi "ajira kwa wenyeji", mwanasiasa anapiga makofi, na hakuna anayeuliza kama orodha ya waliopunguzwa mwaka jana kilomita 60 kutoka hapo inaweza kuwa orodha ya kwanza ya kuitwa.

Halafu kuna kalenda, jambo dogo linalowakwaza watu kuliko sera. Vyuo vya ufundi huandikisha wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Masomo ni ya mchana, siku tano kwa wiki, na ruzuku ya shilingi 15,000 kwa mwaka ambayo serikali ilianza kuwatolea wanafunzi wa vyuo vya kaunti kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18 ilikuwa ya kulipia masomo, wala haikununua unga. Hakuna sheria inayomkataza mama wa miaka 44 kukaa katika darasa la ufundi wa umeme. Akipunguzwa Februari, na notisi ya mwezi mmoja ikimfikisha Machi, atasubiri hadi Mei darasa lianze, na litakapoanza atakuwa na karo ya watoto ya muhula wa pili ya kulipa. Hapo ndipo kiinua mgongo kinapokwenda, na hapo ndipo anapotandika gunia la nyanya, kwa sababu nyanya hulipa jioni ile ile.